Mwana wa Mwitu Aliyekulia Jikoni

 

Naanza na asubuhi moja ya mvua upande wa Bomet, miaka kadhaa iliyopita. Niliitwa kabla ya saa moja. Nilikuta kondoo saba wamelala kwenye nyasi kando ya shamba la chai, na mzee mwenye kondoo amesimama katikati yao, mwavuli mkononi, hakuufungua. Nikapiga magoti nikawakagua mmoja baada ya mwingine. Majeraha yalikuwa shingoni na kwenye mapaja ya nyuma, na sufu ilikuwa imetapakaa hadi katikati ya mistari ya chai. Lakini hakuna kondoo hata mmoja aliyeliwa. Hakuna tumbo lililopasuliwa, hakuna pande la nyama lililokosekana. Fisi hali hivyo, wala chui. Waliofanya kazi ile ni mbwa, na jua lilipochomoza wawili kati yao walikuwa wameshajulikana, maana damu iliganda kwenye manyoya ya vifua vyao.

Mwenye mbwa mmoja alikuja amebeba sufuria. Alitaka sote tuone ukoko wa ugali uliobaki ndani. "Daktari, huyu nilimlisha jana jioni. Alikula akashiba, akaacha." Nilimwamini, na hadi leo namwamini. Mzee mmoja jirani akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka: mbwa alitoka mwituni na siku moja lazima mwitu umwite. Kijana mmoja akakataa, akasema balaa limeletwa na huo ugali wenyewe. Mnyama wa nyama ukimlisha unga, alisema, atakwenda kujitafutia nyama yake.

Nimekaa na maneno hayo mawili muda mrefu. Yanasikika kuwa ya busara, na kila moja lina kosa lake. Leo nataka kuyajibu vizuri kuliko nilivyoyajibu siku ile, kwa sababu jinsi tunavyomfikiria mbwa ndivyo tunavyomlisha, tunavyomfunga na tunavyompiga.

Kwanza tumjue babu yake. Hapa lugha yetu inatutegea. Tunasema "mbwa mwitu", na mtu akilisikia jina hilo huona jibu limekwisha kupatikana: mbwa wa nyumbani ni mbwa mwitu aliyefugwa. Sivyo. Mbwa mwitu wa nchi yetu, yule mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano na masikio mapana ya duara, si babu wa mbwa wala hazai naye. Ukihesabu vidole vya mguu wake wa mbele utapata vinne. Mbwa wako anavyo vitano, kile cha tano kikining'inia juu kidogo ya unyayo. Huo ni ukoo mwingine uliojitenga zamani sana. Mbweha ni jamaa, lakini naye si babu. Na fisi, ingawa sura yake inadanganya, katika ukoo huo hayumo kabisa. Kwa nasaba yuko karibu na nguchiro na paka.

Babu halisi hakuwahi kukanyaga milima hii. Ni mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walimwita naye mbwa mwitu, na ndiye yule anayejificha ndani ya mavazi ya kondoo katika mahubiri. Ndiyo maana wanyama wawili wasiojuana wamelala chini ya jina moja. Leo nitamwita mbwa mwitu wa kaskazini, tusimchanganye na wetu.

Wanaochunguza jeni wanakubaliana kwamba mbwa wote duniani wametokana na mbwa mwitu wa kaskazini wa kale, kundi ambalo leo halipo tena, na kwamba utengano huo ulitokea zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi lenye mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Kaburi hilo lina takriban miaka 14,000. Meno ya mbwa yule yanaonyesha kwamba aliugua vibaya akiwa mdogo, na waliomchunguza upya miaka ya karibuni wanaamini asingeishi majuma aliyoishi kama hakuna mtu aliyemuuguza. Fikirini hilo. Hakuna aliyekuwa amepanda punje ya nafaka wakati huo, hakuna ng'ombe aliyekuwa amefugwa popote, na tayari mtu alikuwa amekaa usiku na mbwa mgonjwa.

Mwaka 2020 Anders Bergström na wenzake walisoma jeni za mbwa 27 wa kale kutoka kwenye mifupa iliyofukuliwa sehemu mbalimbali. Waligundua kwamba miaka 11,000 iliyopita mbwa walikuwa wamekwisha kugawanyika kwenye matawi angalau matano. Tawi la Afrika linarudi nyuma hadi upande wa Mashariki ya Kati, kule kilimo na ufugaji vilikoanzia. Kwa hiyo mbwa wetu wa kienyeji, huyu mwekundu mwenye mkia uliokunjika ambaye watu humwonea haya akilinganishwa na wale wa polisi, ana nasaba ndefu kuliko mbwa wengi wa maonyesho. Jamii nyingi za mbwa zenye vyeti huko Ulaya zilitengenezwa katika karne mbili zilizopita. Huyu wa kwetu alikwisha kutembea na wafugaji na wakulima tangu kabla ya hapo.

Alifikaje kwetu, kutoka kuwa mnyama anayetukimbia hadi kulala mlangoni? Wapo wanaosema wawindaji walichukua watoto wa mwituni wakawalea. Wapo wanaosema alijileta mwenyewe. Raymond Coppinger na mkewe Lorna, Wamarekani waliotumia maisha yao kusoma tabia za mbwa, walifika Pemba, na katika kitabu chao cha mwaka 2001 waliwaeleza mbwa wa kisiwa kile: hawapapaswi na mtu, hawaitwi jina, lakini wanaishi kando ya watu kwa kula mabaki. Coppinger aliona pale picha ya mwanzo. Mnyama asiye mwoga sana huvumilia kukaa karibu na taka za watu, hupata chakula, huzaa, na watoto wake hurithi ule uoga mdogo. Wengine wanampinga kwa sababu mbwa wametangulia vijiji, na pasipo kijiji hakuna jaa. Mimi naona mabaki ya nyama kwenye kambi ya wawindaji ni jaa la kutosha. Njia zote mbili zina kitu kimoja ndani yake: chakula kilichotoka mkononi mwa mtu au kilichoangukia karibu na moto wake.

Uoga mdogo peke yake unaweza kubadilisha mnyama mzima. Mwaka 1959 Dmitri Belyaev, mtaalamu wa Kirusi, alianza jaribio kwa mbweha wa manyoya ya fedha huko Novosibirsk. Kila kizazi alizalisha wale tu waliokuwa watulivu mbele ya mtu. Hakuchagua rangi wala umbo. Baada ya vizazi kadhaa walianza kuzaliwa mbweha wanaotikisa mikia wakimwona mtu, wengine wenye mabaka meupe, wengine wenye masikio yaliyolala na mikia iliyokunjika. Lyudmila Trut aliiendeleza kazi hiyo baada ya Belyaev kufariki. Nikiona mkia uliokunjika wa mbwa wetu huwa nakumbuka mbweha wale.

Sasa turudi kwa yule mzee na nyoka wake. Ni kweli kwamba mbwa amebeba vitu vingi vya mwituni, na vingi tunaviona kila siku bila kuvitambua. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba moja kubwa la chai, Kericho. Jike mmoja, mbavu zote nje, alirudi kutoka upande wa machinjio. Watoto wake watano walimkimbilia wakaanza kumlamba pembe za mdomo, wakirukaruka. Akainamisha kichwa, tumbo likajikunja mara mbili tatu, akatapika vipande vya utumbo mbele yao. Mama mmoja alitoka nyumbani na fimbo, akidhani mbwa amekula sumu na anataka kuwaua wanawe. Nilimshika mkono tukatazama pamoja. Watoto walikula chote, wakalala. Hivyo ndivyo mbwa mwitu wa kaskazini analisha watoto wake: anabeba nyama tumboni kutoka mbali, na ulimi wa mtoto kwenye pembe ya mdomo ndio ufunguo wa kuitoa. Mbwa wako akikurukia ulipotoka kazini, akataka kukulamba usoni, anakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi aliyerudi mawindoni. Mama yule alirudisha fimbo ndani, akatoka na maji ya kumpa jike.

Mengine mnayajua. Mbwa huzunguka mara mbili tatu kabla ya kulala, huficha mfupa ardhini siku ya neema, hugaagaa juu ya mzoga, hulia kwa sauti ndefu mwingine akianza. Hizo ni desturi za babu. Lakini tazameni kilichobadilika. Mbwa mwitu wa kaskazini huzaa mara moja kwa mwaka na baba huwatafutia watoto chakula. Jike wetu hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na dume akimaliza shughuli zake huendelea na safari. Mbwa mwitu wa kaskazini hubweka kwa nadra. Mbwa wetu hubweka hadi koo likauke. Hata masikio na macho ya utotoni yanapishana: mtoto wa mwituni huanza kutembea na kuchunguza dunia akiwa na majuma mawili, kabla hajasikia wala kuona sawasawa, na mtoto wa mbwa huanza akiwa na majuma manne, milango yake yote ya fahamu ikiwa wazi. Ndiyo maana mbwa anaweza kuzoea watu, ng'ombe, kuku na lori la majani ya chai, mradi avione kati ya juma la tatu na la kumi na mbili hivi. Akifungiwa kibandani muda huo wote, mlango huo hujifunga, na kuufungua baadaye ni kazi ngumu.

Kwa nini basi mbwa aliyeshiba aliua kondoo saba? Kwa sababu kuwinda si kitu kimoja. Kwa babu yake uwindaji ni mnyororo: kutafuta, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kuuma ili kushika, kuuma ili kuua, kupasua, kula. Kila pingili ya mnyororo huo ina raha yake yenyewe. Njaa huamsha pingili ya mwisho. Kinachoamsha kukimbiza ni kitu kinachokimbia. Watu wametumia maelfu ya miaka kuufupisha mnyororo huo. Mbwa wa kuchunga wa Uskoti hukazia kondoo macho na kuwakimbiza, lakini pingili ya kuua karibu imefutika ndani yake. Mbwa wetu wa kienyeji hajafanyiwa kazi hiyo. Kila mbwa anabaki na pingili zake, wengine nyingi, wengine chache. Ukiwaachia wawili watatu usiku, mmoja akianza kukimbiza mwenzake hufuata, na kondoo wakitimka ndani ya zizi bovu hawana pa kwenda. Sufuria ya jioni haikuwa na uwezo wa kuzuia lile jambo, na haikulisababisha. Ule usiku mbwa wale walihitaji lango lililofungwa.

Kuna sehemu nyingine ya habari ya mwituni iliyotudhuru zaidi, nayo ni habari ya ubabe. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu wa kaskazini waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliona ugomvi na mkubwa mmoja anayewakandamiza wengine. David Mech, Mmarekani, akalieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970, na likasambaa duniani hadi kwa wafunza mbwa: lazima umwonyeshe mbwa nani dume. Lakini Mech aliendelea kufuatilia wanyama walio huru, na mwaka 1999 aliandika wazi kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama, na watoto wao wa mwaka huu na mwaka jana. Hakuna mfalme aliyepigania kiti. Mtu mzima kukubali mbele ya watu kwamba alichofundisha kina kosa si jambo jepesi, na namheshimu kwa hilo.

Nasema haya kwa sababu nilikua katika boma ambalo mbwa alipigwa ili ajue nafasi yake, akafungwa mnyororo mchana kutwa, na akalala njaa ili awe mkali. Niliona watu wakimchanganyia pilipili kwenye ugali. Mimi mwenyewe nilishika sahani ile. Mbwa wetu yule, Simba, hakuwa mkali. Alikuwa mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu huuma mtoto anayepita kwa haraka kuliko mwizi anayekuja polepole. Alimuuma mtoto wa jirani. Siku ile tulimlaumu mbwa.

Kuna jaribio moja lililofanywa Budapest na Ádám Miklósi na wenzake, likachapishwa mwaka 2003, ambalo natamani kila mtu angelijua. Walichukua mbwa, na mbwa mwitu wa kaskazini waliolelewa na watu tangu wakiwa wachanga. Wakawafundisha kupata nyama kwa kufungua chombo au kuvuta kamba, kisha wakakifunga chombo kisifunguke. Mbwa mwitu aliendelea kupambana na chombo. Mbwa alijaribu kidogo, akasimama, akageuka akamtazama mtu usoni. Kulelewa kwa mkono hakukutosha kumpa mnyama wa mwituni tabia hiyo. Mbwa amezaliwa akiwa karibu nayo. Tazameni mbwa kwenye kituo cha kununulia majani, magunia yakipimwa. Mpishi wa chai akifungua mfuko wa mandazi, mbwa hautazami mfuko kwa muda mrefu. Anatazama uso wa mpishi.

Sasa kijana wangu wa ugali. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba mbwa ni mla nyama, basi. Mdomo wake unaunga mkono maneno hayo: meno 42, yale ya shavuni yakikatana kama makasi, taya linalokwenda juu na chini tu lisiloweza kusaga kwa upande kama la ng'ombe. Humeza vipande vizima kwa haraka, maana babu yake alikula kwa kugombea, na akipata mzoga huweza kumeza kilo 9 kwa mkao mmoja. Lakini mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa kaskazini. Katika jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kongosho kinachovunja wanga, mnyama wa mwituni ana nakala mbili tu. Mbwa waliopimwa walikuwa na kuanzia nne hadi thelathini. Dingo, mbwa wa Australia aliyeishi maelfu ya miaka mbali na wakulima, ana mbili kama babu. Shamba la nafaka ndilo lililolibadilisha tumbo la mbwa. Alikuja kwetu na meno ya mwituni, na jikoni kwetu akapata utumbo mwingine.

Kwa hiyo ugali si tusi kwa mbwa. Si chakula cha dhuluma. Ugali uliopikwa ukaiva anauvunja na kuutumia. Tatizo ni ugali peke yake. Mbwa mzima anahitaji chakula ambacho, ukiondoa maji, walau asilimia 18 ni protini. Mtoto na jike anayenyonyesha wanahitaji zaidi ya asilimia 22. Unga wa mahindi una asilimia 8 au 9, na protini yenyewe ina mapengo. Kalisi ndani yake ni kidogo mno. Wale watoto wa mbwa wenye matumbo makubwa na miguu iliyopinda mnaowaona kwenye laini wamekula ugali mtupu tangu walipoacha ziwa.

Dawa yake iko sokoni. Omena aliyekaushwa, anayepanda kutoka Kisumu na kuuzwa kwa kikombe pale Kericho, Litein na Bomet, ni protini kwa karibu nusu ya uzito wake au zaidi, na mifupa yake midogo ina kalisi. Konzi moja kwenye sufuria ya ugali hubadilisha mlo mzima. Yai. Maharagwe yaliyochemshwa yakalainika. Maziwa yaliyoganda, mbwa wengi huyapokea vizuri kuliko mabichi. Mboga mtakazochanganya ziwe bila kitunguu, kwa sababu kitunguu, hata kikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Na mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe. Huvunjika kwa ncha kama sindano.

Wengine wenu mmesikia mjini kwamba chakula bora cha mbwa ni nyama mbichi, kwa vile babu yake hakupika. Kwa nchi yetu neno hilo lina hatari ambayo nimeishika kwa mikono. Kuna tegu mdogo, mfupi kuliko punje ya mchele kwa urefu wa kawaida, anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, humezwa na kondoo, mbuzi, ng'ombe au mtoto anayecheza chini, na hugeuka mfuko wa maji ndani ya ini au pafu. Mfuko huo hukua kwa miaka. Mchinjaji akikuta ini lenye mifuko hiyo humtupia mbwa, na duara linafunga. Turkana iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, hata shirika la Amref likaendesha kampeni huko katika miaka ya 1980, watu wakipasuliwa kutolewa mifuko ya kushangaza kwa ukubwa. Ini na mapafu yasiyofaa mtu hayamfai mbwa yakiwa mabichi. Yachemsheni sana au yafukieni kwa kina. Moto wa jikoni, ule uliomleta mbwa kwetu, unamlinda yeye na sisi.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni mahindi mabovu. Mnakumbuka mwaka 2011, ule ugonjwa wa mahindi ulipotambuliwa mara ya kwanza nchini hapa kwetu, upande wa Longisa: majani yakauka kutoka nje, magunzi yakatoka na punje chache zilizosinyaa. Mwaka wa njaa kama ule, au mwaka wa mvua isiyoisha wakati wa kuvuna, kila nyumba hubaki na debe la mahindi yenye ukungu. Mtu hali. Ng'ombe wa maziwa tunamwonea huruma. Basi tunasaga tunampikia mbwa. Sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini haiuawi na kuchemsha ugali. Mwaka 2004 iliua watu 125 Ukambani, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoihimili kidogo kabisa. Ini lake huharibika kimya kimya. Anaacha kula, anatapika, macho yanageuka manjano, kisha damu. Nimeitwa mara nyingi kwa mbwa "aliyelogwa" au "aliyewekewa sumu na jirani", nikaomba nionyeshwe gunia lake la unga, nikalinusa, na nikajua. Mahindi ambayo hungempa mtoto wako, mbwa naye hayamfai.

Na kwa kuwa tuko nchi ya chai: kafeini ni sumu kwa mbwa. Tone la chai ya maziwa chini ya meza halitamuua. Mfuko wa majani makavu alioupasua ghalani unaweza. Akitetemeka, moyo ukienda mbio, msingoje asubuhi.

Ndugu zetu Wanandi wana simulizi ambayo A. C. Hollis aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1909, na wazee wengi wa huku mnaifahamu kwa namna moja au nyingine. Mbwa alikuja kwa watu wa kwanza akawaambia kwamba watu watakufa kama mwezi unavyokufa, lakini hawatarudi kama mwezi unavyorudi, ila wakimpa maziwa kutoka kwenye kibuyu chao na pombe kwa mrija wao. Watu wakacheka. Wakamwagia maziwa na pombe juu ya kigoda anywe pale. Mbwa alikasirika kwa kuandaliwa tofauti na mtu; alikunywa, akaenda zake akisema kwamba watu wote watakufa, na mwezi peke yake ndio utakaorudi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni hadithi ya kifo. Siku hizi naisikia kama hadithi ya sahani. Waliotunga simulizi hiyo walijua mbwa anaishi kwa kile tunachompa na kwa namna tunavyompa, na walilipa jambo hilo uzito kuliko tulivyolipa sisi tuliokwenda shule.

Chanjo ya kichaa nitaisema kwa kifupi kwa sababu nimeisema kila mwaka. Kichaa cha mbwa kilitambuliwa Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi, na hakijaondoka. Serikali inakadiria watu 2,000 hufa kwacho kila mwaka. Mkiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mwende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa wachanjwe, angalau saba katika kila kumi, ndipo ugonjwa ukose pa kupita.

Mmoja wa mbwa wale wawili aliuawa, sijui niseme kwa haki au la. Mzee wa kondoo alilipwa, wazee wakakubaliana, mikono ikashikwa. Yule mwenye sufuria aliniuliza afanye nini na wake aliyebaki. Nilimwambia amfungie ndani ya ua kila jioni kabla ya giza, amtoe mnyororo mchana, watoto wake wa baadaye awakalishe na kondoo wangali wadogo, na aongeze omena. Alinitazama kama mtu aliyetegemea dawa ya chupa.

Nilipita kwake mwaka uliopita. Mbwa ni mzee sasa, pua imekuwa nyeupe. Mke wa mwenye boma alikuwa akikoroga chakula kwenye kifuniko cha ndoo, ugali na omena, mvuke ukipanda, na kondoo watatu wanacheua hatua kumi kutoka pale. Mbwa aliketi. Chakula kilikuwa mbele ya pua yake, na yeye alikuwa akimtazama mama usoni, akingoja amwambie.